Ng'ombe Wanne kwa Spika Mbili

Mwanangu wa mwisho, anayeishi Arusha, kanunua redio. Naiita redio kwa ukaidi tu, maana akinisikia anaumia. "Mama, hii si redio, ni sistimu." Spika zake zina urefu wa mtoto wa darasa la tatu, nyaya zake nene kama kamba ya ndoo, na bei yake hataki hata mkewe aijue. Mwezi uliopita alinikalisha kwenye kiti kimoja katikati ya sebule, akaniambia nisigeuze kichwa. Ndani ya mashine taa za vioo zikawaka taratibu, na kabla muziki haujaanza ikanifikia harufu. Vumbi linaloungua polepole juu ya kioo cha moto, na mbao iliyopakwa vanishi. Machozi yakanitoka. Mtoto akafurahi, jamani, akadhani ni ubora wa mashine. "Umeona, mama? Watu wote hulia." Nikamwacha na furaha yake. Mimi nilikuwa nimeshafika kijijini kwetu Tlawi, nina miaka minane, pua inatiririka kwa baridi ya ukungu, na Bibi ananituma kwa baba ambaye amekaa hatua tano kutoka alipo yeye.

Baba yangu alikuwa fundi. Miaka mingi alitengeneza matrekta kwenye shamba la ngano la mzungu mmoja, huko chini ya mlima Hanang, akawa anarudi kwetu Tlawi kila mwisho wa mwezi, nguo zinanuka dizeli. Watu wengine wamejaliwa macho, wengine mdomo. Baba alijaliwa masikio. Lori lilikuwa likipita barabarani huko mbali, sisi tuko jikoni, yeye anainua kidole. "Hilo halifiki Dongobesh. Beringi imekwisha." Na kweli, kesho yake tunasikia limelala njiani.

Yule mzungu wafanyakazi walimwita Bwana Sikiliza. Kila jioni akishaoga alikaa kwenye kiti mbele ya masanduku mawili ya mbao, hali, hanywi, hasomi, anasikiliza tu. Mpishi wake alimhurumia sana, akidhani ni ugonjwa. Baba ndiye aliyetunza jenereta ya nyumba ile, basi akazoea kusimama dirishani. Siku moja Bwana Sikiliza akamwona, akamwita ndani, akamkalisha kwenye kile kiti. Habari hiyo baba alitusimulia mpaka tukaijua kwa moyo. "Mwimbaji alivuta pumzi," alisema. "Kabla hajaanza kuimba. Nikageuka nimtazame ni nani kasimama nyuma yangu!" Alipofika hapo lazima ageuke, na sisi watoto lazima tugeuke naye.

Kisha ukaja wakati ambao wenzangu mliokula ugali wa yanga, yale mahindi ya njano ya msaada, mnaukumbuka, mashamba makubwa yanakuwa ya taifa na wenyewe wanafungasha. Bwana Sikiliza akauza kila kitu. Wenzake baba walinunua vitu vya maana, majembe, mabati, mapipa. Mmoja alinunua bafu la chuma, akawa ananyweshea ng'ombe. Baba akarudi nyumbani mikono mitupu. Siku ya tatu, Bibi akiwa kanisani, akatoa ng'ombe wetu wote wanne zizini akawaswaga mpaka mnadani, na juma lililofuata lori likamshusha mbele ya nyumba pamoja na masanduku.

Nikisema masanduku msifikirie mkebe wa redio. Spika mbili zilikuwa ndefu kuliko mimi, zimefunikwa kitambaa cha rangi ya asali, na chini kila moja ina tundu la duara. Amplifaya ilibebwa na wanaume wawili. Mashine ya kuchezea santuri ilikuwa na sahani ya chuma nzito kama jiwe la kusagia. Halafu vile vikorokoro vyake! Brashi ya manyoya ya kufuta santuri. Glovu moja nyeupe, ya mkono wa kulia tu. Pimamaji dogo, la kuhakikisha mashine imelala sawasawa, maana ikiinama unywele mmoja tu sauti inaharibika. Santuri zenyewe nyingi zilikuwa zimepindwa na jua juu ya lori, zimekuwa chapati. Iliyosalimika ilikuwa moja, haina picha, na baba hakujua ndani yake mna nini. Mzungu alimwambia tu ni ya kujaribia mashine.

Na sasa sikilizeni upumbavu wenyewe: kwetu hapakuwa na umeme. Hapakuwa na umeme Tlawi nzima. Mama aliposhika kiuno na kumuuliza baba umeme atautoa wapi, alijibu, "Utakuja." Kana kwamba ni shangazi kaandika barua.

Bibi, mama yake baba, hakupiga kelele. Alivizunguka vile vitu na fimbo yake, akavigonga kimoja kimoja, kisha akauliza, "Vinakamuliwa wapi?"

Hakuna aliyecheka. Wale ng'ombe kwa sheria ya nyumba walikuwa wa baba, kwa kuwa babu alishafariki. Lakini aliyewalea ni Bibi. Mama yao alikuja kwetu akiwa ndama dhaifu, Bibi akamlaza karibu na moto na kumnywesha uji kwa kibuyu. Watoto wake wote aliwajua kwa kukohoa. Aliyeongoza kundi aliitwa Kijivu, mchokozi mkubwa, shingoni ana kengele iliyofuliwa na mhunzi wa Kibarbaig, na jioni wakirudi wakipita mlangoni kwenda zizini, Bibi alikaa kwenye kigoda chake ndani akiwahesabu kwa sikio. Baba aliwauza bila kumuuliza hata neno moja. Na hata kengele haikubaki.

Bibi alisema kwa lugha yetu, hapa namweka katika Kiswahili: "Mwambieni huyu. Siku ng'ombe wangu watakapopita mlangoni pale, ndipo nitaongea naye. Na ndipo atakula kwa mkono wangu."

Hilo la mwisho ndilo lililomkata baba maini. Nyumbani kwetu ugali uliiva kwa mama, lakini aliyemega na kumpakulia baba alikuwa Bibi, tangu baba anaota meno. Mama hakuwahi kuudhika, alisema kila mama na mwanaye. Kuanzia siku ile Bibi alipakulia kila mtu, akamruka baba, akaweka mwiko chini. Mama akachukua ule mwiko akampakulia mumewe. Baba alikula, lakini nilimwona anavyotafuna, kama anayetafuna magunzi.

Nikawa posta. Wako chumba kimoja, Bibi kwenye kigoda, baba kwenye benchi, na mimi katikati. "Mwambie baba yako chumvi imekwisha." Nageuka: "Baba, Bibi anasema chumvi imekwisha." "Mwambie bibi yako nitaleta kesho." Nageuka: "Bibi, baba anasema ataleta kesho." "Mwambie asilete ya mawe." Nilikuwa nageuka mpaka shingo inauma. Mwanzoni niliona ni heshima, nikaringa shuleni. Baadaye, asubuhi moja, baba alisema, "Mwambie bibi yako shikamoo," na nilipofikisha, Bibi akamtazama mtu mzima yule kwa muda mrefu, akasema, "Mwambie marahaba." Nikatoka nje nikalia nyuma ya kihenge. Kuanzia hapo nilitaka kitu kimoja tu duniani, ng'ombe warudi.

Mvua zilipokatika tukaanza kusikia habari za vijiji vya ujamaa, mikutano kila wiki. Balozi wetu wa nyumba kumi, mzee mpole aliyependa sana maneno mapya, alipita kwetu akachungulia, akaona spika. Akashusha pumzi. "Fundi, kuna wageni wanakuja kutoka wilayani. Vitu kama hivi... Mtu anaweza kukuita bepari." Baba hakulala vizuri. Asubuhi Bibi, bila kuinua macho kwenye mtama aliokuwa anapepeta, akaniambia, "Mwambie baba yako, kama hao ndio ng'ombe wake, basi awafanye kama ng'ombe. Tangu lini mtu mwenye akili akaweka mali yote zizi moja?"

Ilikuwa kejeli. Hata mimi nilijua ni kejeli. Lakini baba aliinuka kwenye benchi kama aliyeoteshwa.

Kwetu mtu akiwa na ng'ombe ishirini, zizini kwake utakuta sita. Wengine amewapeleka kwa marafiki, huyu hapa, huyu kule bondeni, ili ugonjwa usiwamalize pamoja, na jicho la watu lisijue hesabu. Anayelea hunywa maziwa. Ndama ni wa mwenye mali. Na mnyama hachukuliwi hivihivi, mwenyewe huenda na pombe ya asali, wakae, waongee. Baba akafanya hivyohivyo. Spika moja akaipeleka kwa Mzee Bayo, rafiki wa marehemu babu. Ya pili akaipeleka kwa Mama Safari, binamu yake, mjane mwenye kuku wengi na kicheko kinachosikika ng'ambo ya ziwa la Tlawi. Amplifaya na mashine ya santuri vikaingia ndani ya kihenge, chini ya mahindi. Wageni wa wilaya walipokuja walikuta benchi, kigoda na picha ya Bikira Maria.

Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kwenda kuzisalimia. Ndiyo, kuzisalimia, ng'ombe uliyempeleka mbali lazima ukamwone. Na kwa kuwa niliambiwa wamefanywa kama ng'ombe, niliamini wanalishwa, na kwamba sauti inajikusanya mle ndani taratibu kama maziwa kwenye kiwele. Nilikuwa naweka sikio kwenye kitambaa cha asali, nasikia shuuu ya damu yangu mwenyewe, narudi mbio. "Baba, imeanza kujaa!" Baba hakunicheka. Alisema, "Vizuri. Usiibonyeze."

Mzee Bayo aliilaza spika pamoja na ndama wake, ndani, mahali pa joto. Kila Jumapili aliipaka samli. Ile mbao ikang'aa mpaka ukajiona meno. Mama Safari yeye aliiweka kona ya jikoni, kuku wakalala juu yake, na siku moja nilipoinama kusikiliza, nikatazama ndani ya lile tundu la chini nikaona mayai matano.

Nilikimbia nikakata shamba la watu. "Imezaa! Spika imezaa!"

Mama alikaa chini kwa kucheka. Baba alijaribu kuwa mzito akashindwa. Mimi nilijua sheria, nikarudi kwa Mama Safari kudai, watoto ni wa mwenye mali. Mama Safari akashika kiuno. "Mayai? Mayai ni maziwa, wewe! Ndama ni kifaranga. Ngoja yaanguliwe uje uchukue." Tukabishana mpaka majirani wakaja kuamua, wakagawanyika. Nilipomsimulia Bibi, mdomo wake ulicheza. Akageuka upande wa ukuta haraka, lakini mabega nikayaona. Jioni ile akaniuliza, "Mwulize baba yako, hicho kitu kinatoa sauti gani hasa?" Baba akajibu kwa sauti ndogo, "Mwambie sijui vizuri. Mwambie ningependa yeye awe wa kwanza kusikia."

Bibi akachochea moto.

Halafu, baada ya mavuno ya mwaka uliofuata, likaja gari la sinema. Mnalikumbuka gari la sinema? Landrova yenye tarumbeta juu ya paa, inatangaza kijiji kwa kijiji, "Leo! Leo! Leo!" kwa sauti kama bati linalokwaruzwa. Sisi watoto tulikimbia nyuma yake kwa sababu ya filamu. Baba alikimbia, mtu mzima na ndevu zake, kwa sababu alisikia kitu kingine ndani ya lile gari. Jenereta.

Dereva wake, Bwana Juma, alikuwa mtu wa Tanga, amepangiwa kazi huku na baridi inamtesa. Alivaa makoti mawili. Alifika mapema, jua bado liko juu, filamu mpaka giza liingie. Baba alisimama mbele yake na kofia mkononi.

"Nusu saa tu, Bwana Juma."

"Mzee wangu, mafuta haya ni ya serikali. Na hiyo mashine yako ni ya mtu binafsi au ya kijiji?"

Hapo Balozi wetu wa nyumba kumi, Mungu ampe pumziko, akakohoa akaingilia kati. "Ndugu, spika moja iko kwa Mzee Bayo. Nyingine kwa Mama Safari. Mashine kwa Fundi. Umeme wako wewe. Peke yake hakuna anayeweza kupiga hata nukta. Kama huo si ujamaa, nieleze ni nini."

Bwana Juma akacheka mpaka akavua koti moja. "Haya. Nusu saa. Mama Fundi aniwekee chai ya moto."

Tulitawanyika. Mama Safari alileta yake mwenyewe kichwani, kuku wawili wanamfuata wakidai nyumba yao. Lakini mimi nilipofika kwa Mzee Bayo, nikasalimia, nikasema nimekuja kuchukua spika, alinitazama kama nimetukana. "Mnyama hachukuliwi na mtoto. Mwambie baba yako aje. Na asije mikono mitupu." Nilirudi nikimwaga jasho. Dakika zinakwenda. Baba akakimbia na kibuyu cha pombe ya asali kilichokuwa cha sikukuu, nikamfuata, nikamkuta amekaa, kwa sababu bila kukaa hakuna maongezi, na Mzee Bayo anaonja polepole, polepole jamani, kama hakuna kinachochemka duniani.

"Nimeilea mwaka mzima," Mzee Bayo akasema. "Nimeipaka samli. Sijakamua hata siku moja."

"Njoo leo ukamue, mzee. Wewe na nyumba yako yote."

Mzee akafikiri. Akatazama ndama wake. "Haya. Lakini nitakaa karibu na ya kwangu."

Ndani kwetu baba alipima sakafu kwa kamba, spika moja upande wa mlango, nyingine upande wa dirisha linalotazama shamba la maharage, akachora kwa mkaa mahali ambapo sauti zote mbili zinakutana. Kiti ni kimoja tu, alisema, ndivyo Bwana Sikiliza alivyomfundisha. Alipomaliza kuchora tukatazamana. Alama ilikuwa imeangukia hasa kwenye kigoda cha Bibi. Na Bibi yuko juu yake, mgongo ametugeuzia sisi, anapepeta mtama wake. Hakuna aliyethubutu kumwambia asogee. Baba akafuta alama kwa kiatu.

Kikabaki kitu kimoja. Mashine ya santuri ilitaka kukaa juu ya jiwe zito, isitetemeke, na jiwe zito nyumbani lilikuwa moja.

"Bibi," nikasema, "baba anaomba jiwe lako la kusagia."

"Mwambie jiwe lile linasaga mtama. Halisagi nyimbo."

Nikageuka, nikafungua mdomo, nikashindwa kufikisha. Nilisimama pale katikati yao nikaanza kulia kwa sauti, mbele ya Balozi, mbele ya Bwana Juma na chai yake. "Nimechoka," nikasema. "Ambianeni wenyewe."

Bibi aliweka ungo chini. Hakumtazama baba, lakini kwa fimbo akalisukuma lile jiwe, mara moja, mara mbili, likatoka kwenye kona yake. Kisha akaokota ungo wake.

Baba akalaza mashine, akaweka pimamaji, akavaa glovu yake nyeupe ya mkono mmoja. Nje jenereta ikanguruma. Zile taa za vioo zikaanza kuwaka, nyekundu kwanza, halafu rangi ya chungwa, na harufu ikaja, vumbi la kihenge, samli ya Mzee Bayo, manyoya ya kuku, vyote vinapata joto. Baba akashusha sindano. Ng'ombe wanne, mwaka mzima wa kuchekwa, na hakujua ndani ya santuri ile mna nini.

Kwanza treni. Ilitokea mlangoni ikapita katikati yetu kwenda dirishani, na watu, wallahi kama anavyosema Bwana Juma, walivuta miguu. Mzee Bayo aliikumbatia spika yake kuituliza. Nilikuwa nimezoea tarumbeta la gari la sinema, ile sauti ya bati. Hii haikuwa sauti, ilikuwa kitu chenyewe kimeingia nyumbani. Bwana Juma alisahau kikombe hewani. Baada ya treni ikaja mvua. Mvua ya kweli, ya kuanza kwa matone, kisha inajaza chumba chote, mpaka ukasikia tone moja moja linavyoanguka kwenye jani. Mama Safari akapiga yowe, "Mtama wangu!" akatoka mbio kwenda kuanua, akasimama nje kwenye jua kali akitazama juu, na watu wakafa kwa kicheko.

Bibi hakucheka. Mvua siku zote ilikuwa inamlaza Bibi. Nikaona mikono yake inapungua mwendo kwenye ungo, kichwa kinainama. Mvua ile ilikuwa ndefu. Alisinzia pale kwenye kigoda, katikati kabisa, mahali pa Bwana Sikiliza.

Kisha mvua ikaisha. Ikawa kimya kidogo, cha nje, chenye upepo. Halafu, upande wa mlango, kwa mbali, kengele.

Kengele ya chuma, shingoni mwa ng'ombe anayetembea bila haraka. Nyuma yake ya pili, nyembamba zaidi. Kwato kwenye majani mabichi. Mmoja akatoa pumzi puani, hivi, pfuu, karibu sana, na nikageuka kutazama ni nani kasimama nyuma yangu. Wakaingia mlangoni, nasema waliingia, wakapita mbele ya Bibi mmoja mmoja, wakiendelea kwa mwendo uleule kuelekea upande wa dirisha, upande wa shamba letu.

Bibi akafumbua macho. Aliruka kwenye kigoda kile kama msichana, mtama ukamwagika wote.

"Gwandu!" akaita. Ni jina la baba la utotoni, sikuwa nimelisikia mwaka mzima. "Wewe Gwandu! Umesimama tu? Ng'ombe wanaingia kwenye maharage!"

Balozi akafungua mdomo aeleze, mama akamkanyaga mguu.

Baba alisimama na glovu yake nyeupe, ananing'iniza mkono. Kisha akasema, "Naenda, mama," akachukua fimbo ukutani, akatoka. Kupitia dirishani tulimwona, mtu mzima, fundi, anapita mistari ya maharage kwa uangalifu asiyakanyage, anapunga fimbo, anapiga mluzi ule wa kuswagia, "Hoo! Hoo! Toka! Toka wewe!" Nje hapakuwa na hata mbuzi. Ndani kengele zilikuwa zinasogea dirishani, zinafifia, zinafuata mluzi wake kwenda mbali, mpaka zikaisha. Sindano ikabaki inakwaruza taratibu.

Bibi alikuwa macho sasa. Nilimwona anaitazama ile sahani ikizunguka juu ya jiwe lake, halafu spika, halafu sisi sote tulioshika midomo. Alijua. Ninaapa alijua. Akakaa tena kwenye kigoda chake, akajifunika shuka vizuri, akasubiri.

Baba akarudi, viatu vina udongo, mashavu yameloa.

"Umewatoa?" Bibi akamuuliza. Yeye mwenyewe, bila posta.

"Nimewatoa, mama."

"Wote?"

"Wote wanne. Mama, nisamehe. Niliwauza bila kukuuliza."

Bibi aliguna. "Aliyetangulia ni Kijivu?"

"Ni yeye."

"Nilijua tu. Yule siku zote ni mchokozi."

Mzee Bayo, mkono bado uko juu ya spika yake, akauliza kama kuna maziwa mengine, kicheko kikapasuka, Mama Safari akaingia akiuliza tunacheka nini, na Bwana Juma akasema nusu saa imeshapita zamani lakini turudishe hao ng'ombe mara moja tena, serikali haina neno. Katika makelele yale yote mimi nilikuwa namtazama Bibi tu. Aliinuka taratibu, akaenda mekoni, akafunua sufuria ya ugali ambao mama alikuwa ameshausonga kwa ajili ya wageni. Akachukua mwiko. Akamega bonge kubwa kuliko haki, akaliweka kwenye sahani ya baba, akalisawazisha kwa kiganja kilicholowa maji.

"Haya, Gwandu," akasema. "Vua hicho kiglovu, kaa ule. Unapoa."